Bahari ya Kale katika Mawe ya Kapata: Historia Fupi ya Kutambua Visukuku katika Nchi ya Lualaba

1. Utangulizi

Makala hii inazungumzia swali moja ambalo huzuka mara nyingi katika nchi ya migodi ya Kolwezi, nalo ni hili: jiwe lililookotwa likiwa na umbo linalofanana na kiumbe, je, ni kisukuku cha kiumbe huyo au ni jiwe tu? Swali hili ni la jiolojia, na mwandishi wa makala hii ni mwanaisimu. Hata hivyo, kutambua kitu ni kukipa jina linalokistahili, na historia ya majina yaliyopewa mawe ya nchi yetu ni sehemu ya historia ya elimu yetu na ya lugha zetu. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuliweka suala hili mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Kapata ni kitongoji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, nje kidogo ya mji wa Kolwezi. Mahali kama hapo mawe hayakosi macho ya kuyatazama. Mchimbaji huyatazama, mwanamke anayeyaosha huyatazama, mnunuzi huyapima na kuyageuza mkononi, na mtoto huokota yaliyoanguka njiani. Wengi hutafuta dalili za shaba na kobalti: rangi ya kijani, weusi mzito, uzito unaozidi ukubwa wa jiwe. Lakini mara kwa mara hutokea jiwe la namna nyingine. Moja lina matawi meusi kama ya jani. Jingine lina duara ndani ya duara kama gamba la konokono. La tatu lina mifuo iliyopangika sambamba kama mbavu. Mwanafunzi aliyewahi kuona katika kitabu picha ya trilobiti, mnyama wa bahari za kale ambaye amekuwa kama nembo ya visukuku vyote duniani, hushawishika kusema kwamba amempata.

Hoja yetu ina sehemu mbili. Kwanza, umbo peke yake halitoshi kutambulisha kisukuku. Na historia ya Afrika ya Mashariki na ya Kati inatupa mifano ya wataalamu wakubwa waliofanikiwa au kupotea kwa kadiri walivyoizingatia kanuni hiyo. Pili, kwa kumtafuta kiumbe ambaye hakuwahi kuwapo Kolwezi, tunayapita bila kuyaona mabaki ya kweli ya uhai wa kale ambayo yamo katika mwamba wa Kolwezi wenyewe, na ambayo hulipuliwa na kusagwa pamoja na madini.

2. Trilobiti na umri wa mawe ya Katanga

Trilobiti walikuwa wanyama wa baharini wenye gamba gumu na miguu mingi yenye viungo, wa ukoo mkubwa mmoja na kaa, nge na wadudu. Jina lao lilitolewa na Mjerumani Johann Walch mwaka 1771, nalo kwa asili yake ya Kigiriki lina maana ya wenye pande tatu, kwa kuwa gamba la mgongoni limegawanyika kwa urefu wake katika sehemu tatu: tuta la katikati na pande mbili za ubavuni. Vilevile, kutoka mbele hadi nyuma, mwili una kichwa, kiwiliwili chenye pingili, na mkia. Mnyama huyu alijivua gamba kila alipokua, kama afanyavyo kaa, hata mmoja aliweza kuacha magamba kadhaa katika maisha yake. Hiyo ni sababu mojawapo ya wingi wa visukuku vyao. Spishi zilizokwisha kuelezwa zinazidi 20,000.

Trilobiti wa kwanza wanaonekana katika mawe yenye umri wa miaka milioni 521 hivi, na wa mwisho walitoweka miaka milioni 252 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Permi. Tarehe hizi mbili ndizo mipaka ya utafutaji wao. Jiwe lililo nje ya mipaka hiyo halimhusu trilobiti, hata likiwa na mbavu mia.

Sasa tuyatazame mawe ya Kolwezi. Tabaka zenye shaba na kobalti, kutoka Kolwezi hadi mpakani na Zambia na ng'ambo yake, ni sehemu ya mfululizo ambao wanajiolojia wameuita kwa jina la Katanga. Huko Nchanga, upande wa Zambia, tabaka za chini za mfululizo huo zimelala juu ya graniti ambayo umri wake umepimwa kuwa kama miaka milioni 880. Juu ya tabaka za madini, katika mawe ya Mwashya na yanayoyafuata, kuna mawe ya volkano yaliyopimwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 765 na 735. Kwa hiyo tabaka za migodi zimebanwa baina ya nyakati hizo mbili. Zilikwisha kuwekwa zaidi ya miaka milioni 200 kabla ya trilobiti wa kwanza kuogelea baharini.

Baadaye, kiasi cha miaka milioni 550 hadi 530 iliyopita, mawe hayo yalikunjwa na kusukumwa, ikazaliwa milima ya Lufira ambayo leo imekwisha kulika. Tangu hapo sehemu hii ya bara ilikuwa nchi kavu. Hata tabaka za makaa ya mawe ya Lukuga, karibu na Kalemie, ambazo ni za wakati wa Permi, zimehifadhi mabaki ya mimea ya nchi kavu na ya kando ya maji baridi, wala si wanyama wa baharini. Anayetaka trilobiti wa Afrika na aende kusini, katika mawe ya Bokkeveld ya Afrika Kusini, au kaskazini, katika mawe ya Moroko ambako biashara yao ni kubwa. Trilobiti halisi akionekana juu ya meza huko Kolwezi, basi ameletwa.

3. Mombasa: mwenye kamusi na amoniti

Kabla ya kurudi Katanga, inafaa tuone jinsi swali la visukuku vya baharini lilivyoulizwa kwanza katika nchi za Waswahili. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akakaa huko na Rabai kwa miaka kadhaa. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kamusi yake kubwa iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Lisilojulikana sana ni kwamba alichukua pia mawe kutoka sehemu za Mombasa. Mawe hayo yalimfikia mwanajiolojia Oscar Fraas wa Stuttgart, ambaye mwaka 1859 aliandika kwamba ndani yake mnaonekana wanyama wa kipindi cha Jura.

Wanyama hao ni amoniti, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi, waliokuwa na kombe lililojisokota. Mwaka 1877 Ernst Beyrich wa Berlin alieleza amoniti wengine wa Mombasa waliokusanywa na msafiri J. M. Hildebrandt. Utambuzi huo haukupinduliwa baadaye. Sababu yake ni kwamba mashahidi wote walikubaliana: umbo la kombe, vyumba vya ndani yake, mfinyanzi laini wa bahari uliowazunguka, na nafasi ya tabaka lenyewe karibu na ufuko. Kila kipande cha ushahidi kilisema neno lile lile, na kwa hiyo umri wa tabaka ukajulikana kwa njia ya visukuku vyake.

4. Tanganyika: mfanano uliopotosha

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, maana ziwa Tanganyika ni mpaka wa mashariki wa Katanga ya zamani. Mwaka 1858 John Hanning Speke, aliyefika Ujiji pamoja na Richard Burton, alichukua makombe ya konokono wa ziwa. S. P. Woodward aliyaeleza mwaka 1859. Kilichowashangaza wataalamu ni unene wa makombe hayo, pembe zake na mapambo yake. Konokono wa maji baridi kwa kawaida wana makombe mepesi na laini. Hawa wa Tanganyika walifanana na konokono wa baharini. Mwaka 1883 Richard Böhm aliona katika ziwa hilo kiwavi-maji wa jamii ya wale wa baharini, na mshangao ukazidi.

Mwingereza J. E. S. Moore alifanya safari mbili za utafiti ziwani, mwaka 1895 hadi 1897 na mwaka 1899 hadi 1900, kisha mwaka 1903 akatoa kitabu alichokiita Tatizo la Tanganyika. Humo aliyalinganisha makombe ya konokono walio hai na visukuku vya bahari za Jura za Ulaya. Kwa mfano, konokono wa jenasi Paramelania akawaweka kando ya visukuku vya jenasi Purpurina. Kutokana na mfanano huo alihitimisha kwamba ziwa ni baki la bahari ya Jura iliyowahi kuingia hadi katikati ya bara.

Hoja yake ilikuwa na mvuto, lakini ilisimama juu ya mguu mmoja tu, yaani umbo. Msafara uliofuata, ulioongozwa na W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905, ulikusanya wanyama wengi zaidi, na katika maandishi yake ya mwaka 1920 Cunnington alikataa asili ya kibahari. Leo inakadiriwa kwamba ziwa lilianza kiasi cha miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita kwa kupasuka kwa ardhi, zaidi ya miaka milioni 130 baada ya mwisho wa Jura. Makombe mazito yanaelezwa kwa mapambano ya muda mrefu baina ya konokono na kaa wanaowavunja humo humo ziwani. Viumbe wawili wasio na undugu wa karibu wanaweza kufikia umbo moja kwa kuishi katika shida moja. Moore hakuwa mzembe, na makombe aliyoyachora ni kweli yanafanana. Alichokosa ni tabaka: hakuna mahali alipoonyesha mwamba wa bahari ya Jura kandoni mwa ziwa.

5. Tabaka za Lualaba: bahari au ziwa?

Mfano wa tatu unabeba jina la mto wetu. Wanajiolojia wa mwanzo waliyaita mawe fulani ya bonde la Kongo tabaka za Lualaba. Msomaji asidhani kwamba yapo Kolwezi. Yanaonekana mbali kaskazini, hasa karibu na Kisangani na mtoni Songa. Ndani yake mna samaki wengi waliohifadhiwa vizuri, na mwaka 1955 Pierre de Saint-Seine aliwaeleza katika kitabu kizima.

Mabishano yakazuka juu ya samaki hao. Baadhi yao ni wa jamii ambazo kwingineko zimepatikana katika mawe ya bahari. Kwa hiyo kuna walioamini kwamba bahari iliingia kwa muda hadi Kisangani wakati wa Jura. Wengine walisema kwamba samaki wa jamii hizo waliweza pia kuishi katika maji baridi. Tafiti za karne hii juu ya mchanga, chokaa na kemia ya tabaka hizo zimeelekea upande wa ziwa kubwa lililodumu. Hapa tena tunaona kwamba jina la samaki, likitajwa bila tabaka lake, laweza kuileta bahari mahali isipofika.

6. Kolwezi: mabaki yasiyofanana na mnyama

Sasa turudi Katanga. Msafara wa Bia na Francqui ulifika Bunkeya mwezi Januari 1892, wiki chache baada ya kuuawa kwa Mwami Msiri mnamo Desemba 1891. Pamoja nao alikuwa Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji wa miaka 26. Katika nchi iliyokuwa imekumbwa na njaa na vita, Cornet alipima na kuchora mawe hadi mwaka 1893, na mwaka 1894 alitoa maelezo ya mahali penye madini. Haikuwa yeye aliyevumbua shaba ya Katanga. Mashimo aliyoyakagua yalikuwa yamechimbwa na wenyeji kwa vizazi, na mukuba uliyeyushwa na kufanywa misalaba iliyokuwa fedha ya biashara za mbali. Lakini majina ya mfululizo wa mawe, kama vile Kundelungu, yalianza kuingia katika vitabu kwa njia ya kazi yake.

Shida yake kubwa ilikuwa umri. Katika Ulaya mwanajiolojia alisoma umri wa tabaka kwa kutazama visukuku: trilobiti hawa ni wa zamani, amoniti wale ni wa baadaye. Katanga ilimnyima msaada huo. Yeye na waliomfuata walilazimika kulinganisha sura ya mawe na mpangilio wake, na kwa miongo mingi umri wa tabaka za shaba ulibaki jambo la kukisia, hadi vipimo vya mnunurisho vilipopatikana.

Hata hivyo mawe hayo hayakuwa bure. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na mali zake kuchukuliwa na serikali mwaka 1967 hadi ikazaliwa Gécamines, iliyapanga mawe ya migodi kwa majina mafupi ya Kifaransa. Kila aliyefanya kazi katika ofisi za jiolojia za Kolwezi anazijua herufi tatu RSC. Ni jina la mwamba wa silika wenye vishimo-vishimo, mgumu, uliokaa baina ya tabaka mbili zenye madini, moja chini yake na nyingine juu yake. Kwa ugumu wake husimama juu ya ardhi kama uti wa mgongo wa kilima wakati mawe mengine yameliwa na mvua. Katika vilima hivyo visivyo na miti, mahali panapoota maua yanayostahimili shaba, watafutaji wa zamani na wapya wamejifunza kuona dalili ya madini.

Mwamba huo wa RSC ulikuwa kwanza dolomiti, yaani chokaa yenye magnesi, na sehemu yake kubwa imejengwa na stromatoliti. Neno hili lilitungwa na Ernst Kalkowsky mwaka 1908 kutokana na maneno ya Kigiriki ya tandiko na jiwe. Stromatoliti si mnyama wala mmea. Ni kazi ya utando wa bakteria wanaoishi kwa nuru ya jua katika maji ya kina kifupi. Utando hunasa matope na kusababisha chokaa igande. Tabaka jembamba likiziba nuru, bakteria hupanda juu na kuanza tandiko jingine. Baada ya miaka mingi huwa kuba au nguzo yenye matabaka mamia, kama chapati zilizopangwa. Wapo wataalamu waliobisha kwamba mistari hiyo ni ya kikemia tu. Mwaka 1914 Charles Walcott, ambaye sifa yake nyingine ni kazi juu ya trilobiti, aliyaeleza mawe ya namna hiyo ya Amerika kuwa kazi ya viumbe. Katika miaka ya 1950 stromatoliti walio hai walionekana katika ghuba ya Shark Bay, Australia, na ubishi mkubwa ukatulia.

Nchini mwetu, Janine Bertrand-Sarfati alieleza mwaka 1972 stromatoliti za nguzo za bonde la Kongo, zikiwamo zile za Bushimay katika Kasai. Mwaka 2016 Blaise Baludikay na wenzake walitoa maelezo ya visukuku vidogo sana, visivyoonekana ila kwa hadubini, kutoka mawe ya Mbuji-Mayi yaliyo ya zamani hata kuliko yale ya migodi ya Kolwezi. Basi nchi hii ina visukuku, na ni vya kale mno. Kosa ni kuvitafuta katika sura ya mnyama.

Mawe ya RSC na jirani zake yanatuambia pia juu ya mahali. Chumvi zilizokauka zimeacha alama ndani yake, na matabaka yake ni ya maji ya kina kifupi. Msomaji wa pwani angelitambua mara moja jambo hilo kwa jina la wangwa: uwanda wa chumvi kandoni mwa bahari, unaofunikwa na maji na kuachwa kavu. Hiyo ndiyo bahari ya Kapata.

7. Namna ya kulihoji jiwe

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kupendekeza utaratibu mfupi kwa mwalimu na mwanafunzi.

Swali la kwanza ni: jiwe limetoka tabaka gani? Jiwe lililookotwa njiani, au lililonunuliwa, limekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake. Swali la pili ni: umbo limo ndani ya jiwe au juu ya ufa tu? Yale matawi meusi yanayodhaniwa kuwa majani huwa ni oksidi za manganizi, na pengine za kobalti, zilizosambaa katika ufa pamoja na maji. Hayana mshipa wa katikati wala ukingo wa jani, na yanakaa juu ya uso uliopasuka bila unene. Swali la tatu ni: mistari inafuata nini? Katika malakiti, duara zinafuata kuta za tundu ambamo madini yaligandia, na zinaelekea kila upande. Jiwe likikatwa huonyesha macho na mapindo mazuri ambayo hufananishwa na konokono. Katika stromatoliti, kuba zote za tabaka moja zinaelekea upande mmoja, kwa kuwa zilikua kuelekea nuru. Swali la nne ni: je, kuna mpangilio wa mwili? Trilobiti ana kichwa, pingili na mkia, na upande wa kulia unalingana na wa kushoto. Mifuo iliyoachwa na miamba iliyosuguana, au mawimbi yaliyogandia katika mchanga, haina mwanzo wala mwisho.

Jambo la kuba kuelekea upande mmoja lina faida nyingine. Mawe ya Kolwezi hayakulala yalipowekwa. Yalisukumwa kutoka mbali, yakavunjika vipande vikubwa ambavyo wanajiolojia huviita magamba, na baadhi ya vipande vimegeuzwa juu chini. Mgongo wa kuba ulielekea juu siku ulipokua. Akiukuta unaelekea chini, mwanajiolojia anajua kwamba kipande kizima kimepinduka, na kwamba tabaka la madini alilodhani liko chini lapaswa kutafutwa juu. Hivyo bakteria waliokufa zamani hizo humwonyesha mtu wa leo upande wa kuchimba. Hii si elimu ya pambo.

8. Majina ya watu na majina ya mawe

Limebaki suala la nani anayekumbukwa. Huko Tendaguru, kusini mwa Tanzania, Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walisimamia kuanzia mwaka 1909 uchimbaji wa mifupa ya dinosauri uliodumu hadi mwaka 1913. Tabaka za mifupa zimepokezana na tabaka za bahari zenye makombe ya Trigonia, na makombe hayo yamesaidia kujua umri wa mifupa. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kutafuta na kutunza mifupa ulikubaliwa na wote. Ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo dinosauri mmoja wa huko akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Katanga nayo ina majina. Kornetiti ni madini ya shaba yaliyopewa jina la Cornet. Kolweziti, yenye shaba na kobalti, ilipewa mwaka 1980 jina la mji wetu. Lakini wale walioongoza msafara wa mwaka 1892 hadi kwenye mashimo, na wale waliofanya kazi ya kutenga mawe migodini kwa miaka themanini, hawamo katika orodha ya majina ya mawe. Walikuwa na maneno yao ya kutaja aina za mawe, kwa Kisanga, Kiluba, Kiyeke na Kiswahili cha migodini. Maneno hayo ni ya thamani kwa mwanaisimu kama vile kiini cha mwamba kilivyo cha thamani kwa mwanajiolojia, na yanapotea pamoja na wazee waliostaafu.

Katika Kiswahili sanifu istilahi ya visukuku imekwisha kuzoeleka. Kwa stromatoliti hatuna neno la asili. Kwa kufuata maana ya Kigiriki, tungependekeza jiwe-tandiko, litumike bega kwa bega na neno la kigeni. Faida yake ni kwamba linaeleza jambo lenyewe: mwanafunzi akilisikia, atatafuta matandiko, wala hatatafuta miguu.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kisukuku hutambuliwa kwa tabaka, kwa mata na kwa umbo, na kwamba umbo likitangulia mengine hupotosha, kama lilivyompotosha Moore huko Tanganyika. Trilobiti hayumo katika mawe ya Kapata, kwa kuwa mawe hayo ni ya kale kuliko yeye. Kusema hivyo si kuinyima Kapata historia. Mtoto wa huko anayefundishwa kwamba uhai wa kale ni trilobiti wa nchi za mbali huishia kuamini kwamba kwao kuna shaba tu. Ukweli ni kwamba jiwe analolikanyaga limejengwa na viumbe walioishi kabla ya mnyama yeyote mwenye gamba.

Lakini RSC haichimbwi kwa ajili ya kutazamwa. Mahali isipokuwa na madini ya kutosha, huondolewa na kutupwa katika marundo. Mahali iliponayo, husagwa. Wala haihitaji fedha nyingi kuokoa sehemu ndogo. Sanduku moja katika kila idara na katika kila shule ya sekondari ya Kolwezi lingetosha kuanzia: vipande vichache vilivyokatwa na kusuguliwa, kila kimoja na karatasi yenye jina la mgodi, jina la tabaka, upande uliokuwa juu, tarehe, jina la aliyekiokota, na neno alilolitumia kukiita. Mistari miwili hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana katika makusanyo ya zamani. Ni matumaini yetu kwamba wanafunzi wa lugha na wanafunzi wa jiolojia wataifanya kazi hii pamoja, wakati marundo hayo bado yanafikika na wazee wa migodi bado wanaweza kuulizwa.